Mkono Unapokataa Kukamua Nguo

Jumamosi moja tulikuwa tukifua vitambaa vya kanisa pamoja na akina mama wenzetu wa jumuiya. Mmoja wao, mama wa watoto wanne, kila ilipofika zamu ya kukamua alimsogezea jirani yake nguo, naye akarudi kwenye beseni la kusuuza. Mara ya tatu jirani akamtania kwamba siku hizi anachagua kazi. Mama yule hakucheka. Aliukunja mkono wake wa kulia kifuani kama mtu aliyeshika kifaranga, akatutazama, akasema, "Sista, mkono huu umenikataa."

Tulimwuliza tangu lini. Akajibu, tangu msimu wa kupanda mahindi. Na siku ile mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, yako ghalani. Karibu miezi saba! Hakuwa ameanguka wala kugongwa na kitu. Maumivu yalikuja polepole, katikati ya kifundo, upande wa mgongo wa mkono. Kwanza aliyasikia wakati wa kusonga ugali tu. Baadaye akashindwa kuinua sufuria yenye maji, na siku ambayo hakuweza kufungua kifuniko cha chupa ya chai alikaa jikoni akalia.

Jambo lililotuumiza sisi ni kwamba mama huyu alikwisha kufika mara mbili katika zahanati tunayofanyia kazi. Mara zote mbili tulimpa vidonge vya maumivu, tukaandika kwenye daftari lake "maumivu ya misuli", tukamwambia apumzike. Foleni ilikuwa ndefu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeushika mkono ule na kuubonyeza. Alipoona vidonge havisaidii akaenda kwa mchuaji, akachuliwa kwa mafuta ya kondoo wiki tatu mfululizo, na kila usiku mkono ukazidi kuwaka.

Basi safari hii tulimketisha pale pale kwenye benchi. Tulibonyeza kwa kidole gumba katikati ya kifundo, upande wa juu, akaruka. Tukampa mikono yetu miwili aiminye kwa nguvu zake zote. Mkono wa kushoto alituminya hasa. Wa kulia ulikuwa kama wa mtoto. Jumatatu tukampeleka apigwe picha ya eksirei.

Mfupa unaokufa kimya

Akina mama wapendwa, hebu kila mmoja ashike kifundo chake cha mkono. Pale tunapodhani pana bawaba moja, kuna mifupa midogo minane iliyopangwa safu mbili, imefungwa pamoja kwa kano. Katikati ya safu ya kwanza, ile inayopakana na mifupa miwili ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, umekaa mfupa mmoja mkubwa kidogo kuliko njugu mawe. Ukiutazama kwa ubavu una umbo la mwezi mwandamo, na ndiyo maana wataalamu waliupa jina la mwezi kwa Kilatini. Nasi tutauita mfupa wa mwezi.

Mfupa huu una kazi ngumu kuliko ukubwa wake. Unaposukuma, unapokandamiza unga wa chapati, unapojiinua kutoka mkekani kwa kuegemea kiganja, sehemu kubwa ya uzito hupita hapo katikati. Na mfupa, tusisahau, ni kitu chenye uhai. Unalishwa kwa damu kama ini au ngozi. Mfupa wa mwezi umezungukwa na mifupa mingine karibu pande zote, hivyo mishipa ya damu ina milango michache ya kuingilia. Kwa watu wengi huingia upande wa kiganja na upande wa mgongo wa mkono pia. Kwa baadhi huingia upande mmoja tu. Njia hiyo ikiziba au kukatika, mfupa hukosa chakula na kuanza kufa ndani ya mkono ulio hai.

Ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa Kienböck, kwa jina la Robert Kienböck, daktari wa picha za eksirei mjini Vienna, Austria, aliyeueleza mwaka 1910. Ilikuwa miaka 15 tu tangu Wilhelm Röntgen agundue miale ya eksirei mwaka 1895. Kabla ya hapo nani angeweza kuona mfupa mdogo namna ile ukibonyea ndani ya mkono wa mtu aliye hai? Watu waliumwa tu, wakaambiwa ni baridi. Kwa kweli wengi bado wanaambiwa hivyo.

Ni ugonjwa adimu. Hatutaki kila mama mwenye maumivu ya mkono alale macho akiuwaza. Lakini unapokuja huwashika hasa watu wa umri wa kufanya kazi, kati ya miaka 20 na 40, na mara nyingi katika mkono ule wanaoutumia zaidi. Wanaume ndio wengi, na hiyo ni sababu mojawapo mwanamke hufikiriwa mwisho.

Unatoka wapi?

Madaktari hawajapata chanzo kimoja cha kukinyooshea kidole. Wanaona mambo kadhaa yakikutana katika mkono wa mtu mmoja. La kwanza ni hiyo njia nyembamba ya damu. La pili ni urefu wa mifupa ya kigasha. Mtu amezaliwa na mifupa miwili pale, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Kwa watu wengi hufika kifundoni ikiwa karibu sawa. Kwa wengine ule wa upande wa kidole cha mwisho ni mfupi kwa milimita chache, na hapo mfupa wa upande wa gumba hubaki peke yake ukiusukuma mfupa wa mwezi. Jambo hilo lilionekana na daktari wa Uswidi aitwaye Hultén mwaka 1928, na hadi leo daktari bingwa hupima urefu huo kwenye picha kabla ya kuamua tiba. La tatu ni kuumia, ama kwa ajali moja kubwa, ama kwa mitikisiko midogo inayorudiwa kila siku kwa miaka.

Je, kufua na kutwanga kunaua mfupa? Hatusemi hivyo. Kama ingekuwa hivyo, nusu ya akina mama wa vijiji vyetu wangekuwa na mikono iliyokufa. Tunachosema ni kwamba mfupa uliokwisha kuanza kukosa damu hauwezi kupona huku unakandamizwa kila alfajiri na mchi.

Kuna pia magonjwa na dawa zinazoharibu njia za damu katika mifupa. Selimundu ni mojawapo, na katika nchi zetu tunaijua vizuri. Mara nyingi hushambulia nyonga na bega, lakini mifupa mingine nayo haina kinga kamili. Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, zikitumika kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kufanya vivyo hivyo. Hizo ni dawa nzuri daktari anapozitoa kwa sababu maalumu, na aliyeandikiwa asiziache ghafla. Lakini wapo akina dada wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Dada yetu, unanunua unene wa miezi mitatu kwa bei ya nyonga yako.

Sio kila maumivu ni hayo

Kifundo cha mkono huumwa kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo ni nyepesi kuliko hii. Mama mwenye mtoto mchanga anayembeba na kumwinua mchana kutwa, akisikia maumivu upande wa kidole gumba hasa anapolipinda gumba, mara nyingi ana kano zilizovimba ndani ya ala zake. Hupona kwa kupumzisha gumba, kufungwa gango dogo, na pengine sindano moja ya hospitali. Mjamzito anayeamshwa usiku na ganzi ya vidole, akakung'uta mkono ndipo ipungue, ana mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni. Wengi wao hupata nafuu baada ya kujifungua.

Mwenye mkono unaovimba taratibu kwa wiki nyingi, huku anakonda, ana homa za jioni na jasho la usiku, achunguzwe kifua kikuu. Ndiyo, kifua kikuu huingia hata kwenye mifupa ya mkono, na mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Hutibika kwa dawa kikigunduliwa.

Na yupo ndugu wa karibu wa mfupa wa mwezi ambaye tungependa kila mama mwenye vijana wa kiume amjue. Ni mfupa wa jirani, upande wa kidole gumba, wenye umbo la mtumbwi. Kijana akianguka kwenye baiskeli au uwanjani, akajikinga kwa kiganja, mfupa huo ndio huvunjika mara nyingi kuliko wenzake wa kifundoni. Mwambie anyooshe kidole gumba juu. Chini yake, kati ya kano mbili, patatokea kishimo kidogo, kile ambacho wazee huweka ugoro kabla ya kuuvuta. Bonyeza hapo. Akilia, usikubali jibu la "umeteguka tu." Picha ya siku ya kwanza huweza isionyeshe ufa wowote. Katika hali hiyo mkono hufungwa kama uliovunjika, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Damu ya mfupa huo huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande cha nyuma huweza kukatiwa chakula, kikafa au kikakataa kuunga. Tumewaona vijana wa miaka 25 wenye vifundo vya wazee kwa sababu ya anguko moja la shuleni lililochuliwa kwa maji moto.

Picha safi haimalizi maneno

Turudi kwa mama yetu. Picha yake ya kwanza ilisomwa na mtu mwenye haraka, akaambiwa hakuna kilichovunjika. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa nusu ya ukweli. Ugonjwa wa Kienböck hugawanywa katika hatua nne, kwa mpango uliotolewa na daktari Lichtman na wenzake mwaka 1977. Hatua ya kwanza, eksirei huonekana safi kabisa, na ni kipimo cha MRI kinachoonyesha kwamba damu haifiki. Hatua ya pili, mfupa huonekana mweupe kuliko wenzake kwenye picha, lakini umbo lake bado zima. Hatua ya tatu, mfupa huanza kubonyea kama yai lililokaliwa, na mifupa ya jirani hupoteza mpangilio. Hatua ya nne, uharibifu umekwisha sambaa kwenye viungo vya pembeni.

Kwa hiyo mama mwenye maumivu katikati ya kifundo, yenye kudumu zaidi ya wiki nne hadi sita, mkono ukipungua nguvu na kukakamaa, ana haki ya kurudi hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Aombe barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa mifupa. Mjini Dar es Salaam ipo taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na hospitali za rufaa za kanda nazo zina mabingwa. MRI ni ghali kwa wengi wetu. Asiye na bima wala uwezo aulize dawati la ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani. Tumeona watu wakiona aibu kuuliza, wakauza mbuzi ambao hawakuhitaji kuuzwa.

Bingwa aliitundika picha ya mama yetu, akaiweka ya mkono wa kushoto kando yake, akatuonyesha. Mfupa wa mwezi wa kulia ulikuwa mweupe kama chokaa na ulikwisha anza kubonyea upande wa juu. Hatua ya tatu, ile ya mwanzo. Tulisimama pale tukikumbuka zile siku mbili za foleni ndefu.

Tiba

Hatua ya kwanza hutibiwa kwa kuunyima mkono kazi. Hufungwa gango au plasta ngumu, lile hogo, kwa wiki kadhaa na pengine hadi miezi mitatu, huku daktari akifuatilia kama damu inarudi. Watoto wakipata ugonjwa huu, mara nyingi mapumziko hayo peke yake huwaponya vizuri. Kwa watu wazima, wengi huhitaji zaidi ya hapo. Dawa za maumivu hutuliza tu. Hazirudishi damu, na zikimezwa kila siku kwa miezi huumiza tumbo na figo.

Mfupa ukiwa bado na umbo, au umeanza tu kubonyea, na ikiwa mfupa wa upande wa kidole cha mwisho ni mfupi, upasuaji unaofanywa mara nyingi hushangaza watu. Daktari hagusi kabisa ule mfupa mgonjwa. Hukata kipande chembamba, milimita 2 au 3, kwenye mfupa wa kigasha wa upande wa gumba, kisha huunga ncha zake kwa kibati cha chuma na skrubu. Mfupa uliokuwa ukisukuma unafupishwa, mzigo unaondoka juu ya mfupa wa mwezi, na ule mfupa mgonjwa unapata nafasi ya kupumua. Njia nyingine ni kuhamisha kipande cha mfupa pamoja na mshipa wake wa damu na kukipandikiza ndani ya ule unaokufa. Si kila hospitali inafanya hivyo.

Ukichelewa sana, kazi ya daktari inakuwa kuondoa maumivu kuliko kuokoa mfupa. Huweza kuunganisha baadhi ya mifupa midogo ili ishikane, au kuondoa safu yote ya kwanza ya mifupa mitatu, au kukikaza kifundo chote kisikunjike tena. Kifundo kilichokazwa hakiumi, na vidole hufanya kazi, lakini fikiria kumwogesha mtoto kwa mkono usiokunjika. Ni haki pia kusema kwamba wapo wagonjwa, hasa walio na umri mkubwa, ambao picha zao ni mbaya na bado wanaishi na maumivu madogo bila upasuaji. Daktari hutibu mtu, hatibu picha.

Nyumbani

Mama yetu alishauriwa kufupishwa mfupa. Upasuaji haukumtisha sana. Lililomtisha ni nyumba. Mumewe alikuwa akisema kwa miezi yote ile, "Mkono haujavimba wala haujavunjika, unaumwa nini?" Si mtu mbaya. Aliona mkono mzima, akaona na ugali unachelewa.

Tulimwomba mama aje na mumewe siku ya kliniki. Bingwa akampa ile picha aishike mwenyewe. Mume akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya ule mfupa mweupe, kisha akaulinganisha na wa mkono wa kushoto. Akasema taratibu, "Mama watoto, kumbe ulikuwa ukisema kweli." Mama aligeuza uso ukutani. Katika miaka yetu ya uuguzi tumeona dawa nyingi zikitolewa, lakini hatukumbuki iliyofanya kazi haraka kama maneno yale.

Wakapanga mambo kabla ya siku ya upasuaji, na tunawashauri wengine wafanye hivyo. Kijana mkubwa akafundishwa kusonga ugali. Kwanza ulikuwa na mabonge, wakala. Maji yakachotwa na baba kwa baiskeli. Mama akakaa na plasta kama wiki sita hadi mfupa ulipounga, kisha akaanza mazoezi ya viungo: kukunja na kukunjua vidole, kugeuza kiganja juu na chini, kuminya kitambaa kilichoviringwa ndani ya maji ya uvuguvugu. Aliambiwa wazi kwamba nguvu hurudi kwa miezi mingi, si kwa siku. Kuchua alikatazwa.

Sasa ni mwaka umepita na miezi kadhaa. Maumivu ya usiku yamekwisha. Anashika jembe dogo, anaandika, anasuka nywele za binti zake. Kifundo hakirudi nyuma kikamilifu kama zamani, na mfupa uliokwisha bonyea haukurudi umbo lake. Daktari alimweleza hivyo tangu mwanzo. Akibeba ndoo kubwa, mkono humkumbusha.

Zahanatini kwetu tumeweka utaratibu mdogo: anayesema mkono unamwuma, hushikwa mkono huo kabla ya kuandikiwa chochote, foleni iwe ndefu namna gani.

Jumamosi za kufua bado anakuja. Hukaa kwenye beseni la kusuuza, na vitambaa vyake huvianika bila kukamuliwa, vikichuruzika maji. Huchelewa kukauka kuliko vyetu. Yule jirani aliyemtania ndiye anayemshikia kamba.